Nani Alimpa Musyimi Presha

"Fungua mshipi, mzee," Gakenia alisema, "halafu uvute shati juu."

Musyimi Kaloki aliangalia mlango kwanza. Mlango wa chumba hicho cha kliniki pale Mukuyuni ulikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia walikaa wakulima waliomuuzia ndengu na mbaazi kila msimu, wakingoja zamu zao. Asubuhi hiyo alikuwa ameanguka mbele yao kando ya mizani ya magunia, damu ikimtoka puani. Sasa dokta ambaye angeweza kuwa binti yake alitaka kumpima tumbo kwa futi ya fundi wa nguo.

"Nimekuja kwa sababu ya kichwa," alisema. "Tumbo haina shida."

"Fungua, Baba Kavata," mkewe Wayua alisema kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Alifungua. Gakenia alizungusha futi, akaivuta, akainama kusoma. "Sentimita mia moja na ishirini na moja." Hakusema kwa sauti kubwa, lakini pazia si ukuta. Mtu wa upande wa pili alipiga mluzi mdogo, na mwingine akacheka kwa pua.

Bahati yake, hakuwa amekunywa chai, hivyo damu ilichukuliwa papo hapo. Baada ya saa moja Gakenia alirudi na karatasi, akavuta kiti karibu.

"Presha ni mia moja sabini na mbili juu ya mia moja na nane. Sukari ya kabla ya kula ni sita nukta sita; bado si kisukari, lakini iko mlangoni. Mafuta ya damu yamepita kiasi. Na tumbo tumeliona. Mzee, ukikuta hayo manne kwa mtu mmoja, usiyahesabu kama magonjwa manne. Ni genge moja. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini, yanaufanya mwili uwe kiziwi kwa insulini, ambayo ndiyo inasimamia sukari. Mwili unaona haisikiki, unatoa nyingi zaidi. Hiyo nyingi inaziambia figo zishike chumvi, chumvi inashika maji, mishipa inakaza. Presha ndiyo imekuangusha, lakini haikuja peke yake. Ina wenzake."

"Nikimeza dawa ya presha inaisha?"

"Utakuwa umemshika mmoja. Dawa utameza kila siku, hata ukijisikia mzima. Lakini genge linavunjwa mezani na barabarani. Chumvi, soda, chapati, mafuta ya nyama, hivyo vyote vishuke. Utembee angalau nusu saa kila siku. Tumbo likipungua, wote wanalegea pamoja. Halafu upunguze mawazo kidogo."

Wakati wote huo Musyimi alikuwa anaangalia dari. Kwa neno hilo la mwisho aliteremsha macho.

"Mawazo. Rudia hapo, dokta."

"Mawazo mengi nayo hayasaidii, lakini nilikuwa nasema kwamba…"

"Umesikia?" Musyimi alimwambia mkewe. "Dokta mwenyewe amesema."

Alifunga mshipi, akachukua pakiti ya dawa, akatoka. Katika maelezo yote aliyopewa alibeba neno moja, na kabla hajafika kwenye duka lake la nafaka alikuwa amewagawia watu watatu.

*

Kufikia Jumatano, Mukuyuni ilijua kwamba Wayua amempa mumewe presha. Walisema hivyo hivyo, amempa, kama mtu anavyompa mwenzake mafua. Mama wa duka la dawa za mifugo alimuuliza Wayua, huku akimpimia unga wa kuoshea ng'ombe, kama siku hizi nyumbani kumetulia. Kwenye maombi ya Alhamisi dada mmoja wa ushirika alimshika bega na kuomba kwa sauti kwamba Bwana afunge kinywa cha mwanamke anayebomoa ndoa yake. Wanawake wote wakasema amina. Wayua naye alisema amina, kwa mazoea, kabla hajatambua kwamba anayeombewa ni yeye. Hiyo amina ilimuuma kuliko maombi yenyewe.

Jumamosi ukoo ulikaa. Wazee saba waliketi chini ya turubai kando ya ghala, kila mmoja na soda yake na sahani ya pilau. Pilau ilipikwa na mshtakiwa.

"Mimi sina maneno mengi," alianza Ndila, mama yake Musyimi, akayatoa yote. Wayua aliondoa chumvi mezani wageni wakiwa wanaangalia. Wayua alimhesabia Musyimi chapati mbele ya pasta, akasema mbili zinatosha. Wayua alimrudishia yeye Ndila chupa ya mafuta ya kondoo aliyoileta kwa mkono wake mwenyewe. "Mtoto wangu alikuwa mzima. Mwili ulikuwa umemkubali. Sasa anaanguka kwa mizani kama gunia, kwa sababu hana amani ya kula kwake."

Mwenyekiti alikuwa Mulwa, baba mdogo wa Musyimi, mtu wa miaka sitini na minane ambaye kiti cha plastiki kililia kila alipogeuka. "Wewe mwiitu, binti wa Tseikuru," alisema, "uko na la kusema?"

"Niko na karatasi ya kliniki," Wayua alisema. "Dokta amesema presha ni moja katika genge. Kuna sukari, kuna mafuta ya damu, kuna tumbo."

"Tumbo la bwana yako limekukosea nini?" mzee mmoja aliuliza. "Si ndilo lilikununulia hilo rinda?"

Wazee walicheka. Musyimi alicheka pia, akijipapasa tumbo hilo taratibu kama mtu anayetuliza mtoto.

"Baba yetu," Mulwa alisema, "alikuwa anakunywa mafuta ya kondoo kwa kikombe, na alifika miaka tisini. Alikuwa na presha? Hakuwa nayo. Na unajua ni kwa nini? Mama yetu hakuwa na mdomo."

"Baba yenu alikuwa anaswaga ng'ombe kwa miguu mpaka Kathonzweni na kurudi," Wayua alisema. "Baba Kavata anaenda duka kwa gari, na duka tunaliona tukiwa hapa."

Mzee mmoja alicheka kabla ya kukumbuka upande wake.

"Mmeuona mdomo sasa?" Ndila alisema. "Sijaongeza kitu."

Hukumu haikuchelewa. Wayua angeenda kwao Tseikuru siku thelathini. Asipige simu, asitume mtu, asiseme neno la chakula wala la dawa. Nyumba ipate kutulia. Siku ya thelathini Kalunde, binti wa ukoo huo huo, mhudumu wa afya wa kijiji aliyepita nyumba kwa nyumba na mashine yake, angempima Musyimi mbele ya wazee wote.

"Presha ikiwa imeshuka," Mulwa alisema, "tutajua ilikuwa inatoka wapi. Utabaki huko kwenu na ngamia. Watoto ni wa ukoo."

Nyuma ya dirisha la jikoni Kavata, kifungua mimba wao mwenye miaka kumi na saba, aliacha kuosha vyombo. Wadogo zake wawili walikuwa wanacheza uani, hawajui wanagawanywa.

"Na ikiwa imepanda?" Wayua aliuliza.

"Haiwezi panda."

"Nauliza ikiwa imepanda."

"Basi ukoo utakusikiliza wewe. Utakachosema ndicho tutafanya." Mulwa alisema hivyo kwa ukarimu wa mtu anayeahidi kitu akijua hataombwa.

Wayua alimgeukia mumewe. Miaka kumi na minane alikuwa amelala kando ya mtu huyo. "Baba Kavata. Wewe unasemaje?"

Musyimi alimaliza kutafuna. "Fanya vile wazee wamesema. Ni siku thelathini tu."

Wayua alisimama, akakunja karatasi ya kliniki. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa mke, akasema, "Dawa zake ziko kwa kabati, anameza moja asubuhi, na pakiti ikibaki na…"

"Umeambiwa nini kuhusu dawa?" Mulwa aliuliza.

Wayua alifunga mdomo. Alihisi kitu kikigeuka ndani yake, kikakaa vizuri. Kama walitaka anyamaze, angenyamaza kweli.

*

Kwa mama yake Tseikuru Wayua aliamka kabla ya jua, akachimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yakajikusanya, akawanywesha mbuzi kwa zamu. Hakuna aliyemuuliza maswali. Mama yake alikuwa na moyo wa kungoja.

Siku ya sita Kavata alipiga simu. Wayua alikatazwa kupiga, hakukatazwa kupigiwa.

"Mum, Dad ameacha dawa."

"Tangu lini?"

"Tangu uende. Cucu Ndila amesema dawa ilikuwa ya kelele, na kelele imeenda. Amezitupa kwa choo." Kavata alikuwa ananong'ona. "Cucu anapika chapati asubuhi na jioni. Kuna kreti mbili za soda kwa ghala. Jana walichinja kondoo, Dad akakula ule mkia wote na chumvi, wakawa wanampigia makofi. Niambie nifanye nini."

Wayua alikaa juu ya jiwe. Alijua cha kufanya. Namba ya Gakenia ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya Biblia yake. Simu moja tu, na yule binti angempigia Musyimi, au angekwenda mwenyewe mpaka dukani. Aliijua njia hiyo yote, kisha akaiangalia ile nyingine. Katika ile nyingine hakuhitaji kufanya lolote. Presha ingepanda yenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa mkono wa Ndila, mbele ya macho ya wazee, na siku ya thelathini mashine ingesema alichokisema yeye wakamcheka. Aliionja fikra hiyo. Ilikuwa tamu, na hakujidanganya kuhusu utamu wake.

"Nenda usome," alimwambia bintiye. "Umeniambia. Wewe umemaliza kazi yako."

Mama yake alikuwa amesikia upande mmoja, akajazia ule mwingine mwenyewe. "Na akifa?" aliuliza, bila kuacha kuchagua mbaazi.

Wayua aliinuka. Alichukua ndoo akarudi mtoni, ingawa mbuzi walikuwa wameshakunywa.

Swali hilo lilimfuata. Alijiambia kwamba Musyimi ni mtu mzima, ameoneshwa karatasi, ana macho. Alijiambia kwamba yeye amepewa amri na wazee. Yote yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Siku ya kumi na tisa Kavata alipiga tena: baba anaamka mara nne kukojoa, na leo amesoma jina la mteja vibaya, anasema herufi zina ukungu. Wayua alipanda mlima wa mawe ambako mtandao ulishika vizuri, akasimama huko upepo ukimpiga sketi, akavunja amri. Alimpigia mumewe.

"Baba Kavata, ni mimi. Nisikilize kidogo tu. Ile ukungu ya macho…"

"Ngoja," Musyimi alisema. Kulikuwa na sauti za watu nyuma yake, na mlio wa chupa. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa pana, ya mkutano. "Wazee, nimemweka kwa spika. Msikie wenyewe. Siku kumi na tisa tu, na amerudi kunihesabia chapati."

Kicheko kilipita kilomita zote hizo na kumfikia kikiwa kizima. Sauti ya Mulwa ilisema, "Iandikwe kwamba amepiga."

"Mimi nimepumzika, Mama Kavata," Musyimi alisema. "Hata nimenenepa. Uliza yeyote."

Wayua alikata simu. Alikuwa amepanda mlima na huruma. Alipoteremka hakuwa nayo. Siku kumi na moja zilizobaki alizihesabu kama mtu anayehesabu siku za mavuno, na Kavata alipopiga aliuliza habari za shule tu.

*

Siku ya thelathini nyama ilikuwa tayari motoni Wayua alipofika. Ndila alikuwa amealika hata pasta, kwa ajili ya shukrani. Musyimi alikaa katikati ya turubai akiwa na shati jipya, kwa kuwa la zamani vifungo havikufungika. Uso wake ulikuwa mwekundu na umejaa, macho yamevimba chini. Alimsalimia mkewe bila kumtazama.

Kalunde alikuwa mwanamke mfupi mwenye utaratibu. Aliwazuia wasimpigie kelele, akamwambia Musyimi aweke miguu yote chini, aegemee, asiongee dakika tano. Wazee walikaa kimya dakika tano nzima kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mkanda ulijaa upepo, ukamkaba mkono, ukalegea. Kalunde alisoma, akangoja, akapima tena mkono huo huo, kisha mkono wa pili, akamalizia kwa kumzungushia futi tumboni.

"Tuambie," Mulwa alisema.

"Mia mbili na nne juu ya mia moja ishirini na mbili."

"Hiyo ni nzuri ama?"

"Mzee, huyu mtu hafai kuwa amekaa hapa. Anafaa kuwa hospitali."

Mafuta yaliendelea kudondoka kwenye makaa. Ndila ndiye aliyezungumza kwanza. "Ni kwa sababu ameingia. Amemwona tu, imepanda."

"Ameingia sasa hivi, Mwaitu, mama yetu," Kalunde alisema. "Tumbo nayo? Kwenye hii karatasi ya kliniki ya mwezi jana, Mama Kavata amenipa, ni mia na ishirini na moja. Leo ni mia na ishirini na sita. Tumbo pia ilimwona?"

"Basi mashine imeharibika," Mulwa alisema.

Hapo ndipo Wayua aliposogea mbele. Alizungumza kwa upole ambao wote waliuogopa baadaye. "Inawezekana, mzee. Mashine huharibika. Jaribu wewe, tuone kama inadanganya."

Mulwa alikunja mkono wa shati kwa dharau, akatoa mkono. Ilibidi Kalunde atafute mkanda mkubwa zaidi kwenye mfuko. Walingoja tena. "Mia sabini na nane juu ya mia na nne," Kalunde alisema.

"Mzee," Wayua aliuliza, "mke wako alituacha mwaka gani?"

Mulwa alianza kuteremsha mkono wa shati.

"Niliosha vyombo vya mazishi yake, nakumbuka. Imekuwa miaka tisa. Unalala peke yako, unakula peke yako, hakuna mtu anakuhesabia chapati. Presha hii umepewa na nani?"

Pasta alikohoa ndani ya kitambaa. Mzee aliyemuuliza habari za rinda alianza kuinuka, akasema amekumbuka ng'ombe wake. "Kaa," Wayua alimwambia. "Kalunde hajachoka." Wakapimwa mmoja baada ya mwingine, mkono na tumbo, kwa futi ile ile, mbele ya binti zao na wake za watoto wao. Katika saba, watano presha yao ilikuwa imepanda. Ndila alipimwa wa mwisho, akiwa ameuma midomo: mia sitini na sita juu ya tisini na nane.

"Mwaitu, nawe ni mimi nimekupa?" Wayua aliuliza. "Nikiwa Tseikuru?"

"Na yeye apimwe," Mulwa alisema ghafla. "Huyu anayetupimisha. Apimwe."

Wayua alikaa kwenye kiti bila wasiwasi. Alikuwa mwembamba, alikuwa amechota maji mwezi mzima. Kalunde alisoma, akarudia, akaonekana kutoamini. "Mia arobaini na nne juu ya tisini na mbili. Mama Kavata, nawe imepanda. Hata watu wembamba hupata."

Hilo hakulitarajia. Turubai zima lilimgeukia, na kwenye uso wa Mulwa kukarudi rangi. "Wewe je?" aliuliza taratibu. "Wewe umepewa na nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa wazee saba, wamekaa kwenye viti vya plastiki, na wa nane alikuwa mumewe. Angeweza kuwataja kwa majina, na hakuna ambaye angethubutu kubisha. Aliwaangalia mmoja mmoja, akalimeza.

"Hakuna," alisema. "Hiyo ndiyo nimekuwa nikisema."

Musyimi aliinua kichwa. Sasa alimwangalia mkewe kwa macho yale yaliyovimba. "Ulijua nimeacha dawa?"

"Siku ya sita."

"Na ukanyamaza."

"Niliamriwa. Nilipojaribu, uliniweka kwa spika."

"Ungeniacha nife, Mama Kavata?"

Kavata alikuwa amesimama mlangoni. Wayua alimwona, akajua kwamba uongo mmoja mdogo hapo ungemfurahisha kila mtu. "Kuna siku ningekuacha," alisema. "Kuna siku zingine sikujua. Sasa inuka, tunaenda kliniki. Nyama waachie wenye presha."

*

Gakenia hakumgombeza. Alimlaza, akampa dawa, akampima kila nusu saa mpaka namba zikaanza kuteremka pole pole, kisha akatumbukiza kikaratasi kwenye mkojo wake na kukiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Figo zimeanza kuvuja protini," alisema. "Hazijafa. Na sukari, hata kabla hujala, sasa ni saba nukta nane. Tutairudia wiki ijayo, lakini naona lile genge limeongeza nguvu. Nani alikuambia uache dawa?"

Musyimi aligeuza uso ukutani. Alikuwa analia bila sauti, mabega makubwa yakitikisika, na kitanda kikitikisika nayo. Gakenia alitoka akavuta pazia.

"Nitakufa?" alimuuliza mkewe.

"Hapana," Wayua alisema. Alikaa kwenye kiti kile kile cha pembeni na mkoba magotini. "Hutakufa. Ukifa sasa watanizika na wewe. Wataandika jina langu kwa kaburi yako, Kavata ataolewa akiitwa mtoto wa yule aliyemuua bwana yake. Mtu wa kunitoa hilo jina ni wewe peke yako, kwa mdomo ule ule. Kwa hivyo utaishi, Musyimi. Nitakupikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, bila mafuta mpaka uote. Nitakushikia dawa mpaka nione umemeza. Utaishi mpaka uchoke."

Hakuwa amewahi kumwita Musyimi tangu Kavata azaliwe. Musyimi alifumba macho.

Musyimi aliporudishwa nyumbani, Mulwa na wazee watatu walikuja kuuliza ukoo ufanye nini, kama ilivyoahidiwa. Walikuja na maneno ya mbuzi wa kuomba msamaha, na ya leso mbili, na ya kuketi tena ili mambo yaishe kimya kimya baina ya watu wa nyumba moja. Wayua aliwapa chai bila sukari.

"Mbuzi sitaki," alisema. "Na kimya sitaki. Hamkunichafua hapa ndani. Mlinichafua barabarani, dukani, kanisani. Nitasafishwa huko huko. Dokta amesema atembee kila siku. Atatembea na mimi, kutoka hapa mpaka mwisho wa soko na kurudi, na mimi pia nina yangu ya kushusha. Kila atakayetuuliza kwa nini tunatembea, atamjibu yeye. Si mimi. Yeye."

"Mama Kavata, hiyo ni aibu kwa mzee wa kanisa kama Musyimi," Mulwa alisema.

"Ulisema nitakachosema ndicho mtafanya. Ama hiyo ahadi nayo nilikupa mimi?"

*

Jumatatu ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Walitoka saa moja asubuhi, Musyimi na viatu vya mpira ambavyo Kavata alimchagulia, Wayua hatua mbili nyuma yake, kama mtu anayeswaga. Mlima mdogo wa kwanza tu ulimtoa jasho. Alisimama, akashika kiuno, akamwangalia mkewe akitumaini atamshika mkono. Wayua hakumshika. Alingoja tu, mpaka mumewe akaendelea.

Kijana wa pikipiki alipunguza mwendo. "Mzee Musyimi, gari imekataa?"

Musyimi alimwangalia mkewe. Wayua aliangalia barabara.

"Gari ni nzima," alisema. "Ni presha. Niko na presha, na sukari, na mafuta ya damu. Ni ya tumbo yangu." Alipangusa jasho. "Nilisema ni bibi yangu. Haikuwa yeye."

Kijana alibaki mdomo wazi, akatikisa kichwa, akaenda na habari yake kwa kasi kuliko alivyokuja. Mama wa duka la dawa za mifugo aliuliza, akajibiwa. Dada wa ushirika aliyeombea kinywa cha Wayua hakuuliza. Alivuka barabara upesi, na Wayua akamwita kwa jina, akamsubirisha, mpaka naye akauliza. Kila mara Musyimi alitumia maneno machache zaidi na sauti ndogo zaidi, na kila mara Wayua alihesabu kama yametimia.

Mwisho wa soko, penye wauza ndengu, kulikuwa na mama mzee aliyekaa nyuma ya debe lake, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka miaka mingi iliyopita. Wanunuzi kumi au zaidi walikuwa wamemzunguka. Alimwona Musyimi akija kwa miguu, akashangaa kwa mikono yote miwili.

"Kaloki," aliita, "ni nini kimekutembeza?"

Musyimi alisimama mbele yake akihema. Aliinama karibu na sikio lake na kusema yote, haraka, kwa sauti ya chini, kisha akajinyoosha na kugeuka ili waanze kurudi nyumbani.

Mama mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Eti?"

Wanunuzi waligeuka. Mmoja alishusha gunia begani ili asikie vizuri.

Wayua hakuondoka alipokuwa amesimama. "Hajasikia," alisema. "Mwambie tena."